Mtoto Atafuatwa

Mwanamke nisiyemjua alinipigia simu Jumanne asubuhi, nikiwa napepeta mchele, akaniuliza kama mimi ndiye Siti aliyekuwa akiandika fomu pale zahanati ya Likoni zamani. Mimi ni mtu wa kushuku tangu utoto, na simu za siku hizi zimenizidishia ugonjwa huo, kwa hiyo kabla ya kujibu nilimwuliza nani amempa namba yangu na anataka nini. Akasema, "Mimi ni Mama Nekesa, bibi ya Wafula wa maabara. Mzee alituacha juzi. Mwili unasafiri bara Ijumaa. Kama unaweza kuja Changamwe kabla ya hapo, tafadhali kuja." Nilibaki na ungo magotini. Miaka thelathini na kitu sikulisikia jina la Wafula kinywani mwa mtu yeyote, ila kichwani mwangu halikutoka. Nikampa pole, nikamwambia nitafika inshallah, kisha nikakaa nikijiuliza huyu mwanamke anajua nini. Mtu hampigii simu mgeni kumwita matangani bure.

Mwaka ninaousema ni ule wa kabla ya uchaguzi wa vyama vingi, wakati watu walikuwa wakitazama nyuma kabla ya kusema jambo la maana. Ukisikia mtu "amefuatwa", ulijua kuna gari lilisimama kwao na watu wawili wenye suti walishuka. Mimi nilikuwa na miaka ishirini, nimemaliza kidato cha nne, niko nyumbani nasonga nywele za majirani. Ndipo zahanati ikaletewa utafiti wa kichocho, ule ugonjwa wa kukojoa damu ambao watoto wetu waliupata kwa kuoga kwenye madimbwi ya nyuma ya mashamba. Walitaka msichana wa hapa hapa, anayejua Kiingereza cha shule na Kiswahili cha nyumbani, awaandike watoto na kuzungumza na mama zao. Nikaenda na cheti changu ndani ya bahasha. Daktari, mama mmoja wa Nairobi mwenye miwani na maneno machache, alinitazama, akanipa karatasi ya ridhaa ya kurasa mbili, akasema niitafsiri hadi Alhamisi. Nilijiona nimefika.

Chumba chetu kilikuwa nyuma ya zahanati, zamani stoo ya maziwa ya unga, na hata baada ya kupakwa rangi mara mbili bado kilinuka maziwa yaliyochacha. Juu ya hayo kulikuwa na harufu ya spiriti, na harufu ya mkojo, niseme wazi, maana mkojo ndio uliokuwa kazi yetu. Palikuwa na meza moja ndefu, hadubini, na juu ya hadubini kamera iliyofungwa kwa plasta kama mkono uliovunjika. Waya ulitoka kwenye kamera ukaingia kwenye televisheni, na mwingine ukaingia kwenye kompyuta ya maandishi ya kijani ambayo kila jioni tuliifunika leso isiliwe na chumvi. Mwenye chumba alikuwa Wafula, fundi wa maabara kutoka Bungoma, mtu mfupi, mkimya, mwenye kalamu mbili mfukoni. Alikuwa akikaa Changamwe, akija kwa miguu kutoka feri hadi kwetu. Siku ya kwanza nilimkaribisha mihogo ya nazi. Akasema, "Asante, lakini hiyo nazi inanisumbua tumbo." Akafungua ugali wake wa baridi na sukuma akala akitazama ukuta. Nilichukia kwa wiki nzima. Kwetu mtu anaweza kukataa shauri lako, lakini chakula chako anaonja hata kama hali.

Kazi yenyewe ilikuwa ya mchana, saa sita hadi saa nane, kwa kuwa mayai ya kichocho hutoka kwa wingi jua likiwa juu. Watoto wakifika niliwakimbiza mara tatu kuzunguka ua, ili mayai yatikisike yatoke. Kisha nilimpa kila mama kikombe chenye jina la mtoto wake, naye humpeleka mtoto msalani nyuma ya ukuta wa makuti. Huko hatukufuatana nao, kwa heshima. Wafula alivipokea vikombe, akaacha mkojo utulie mpaka mayai yakae chini, akamwaga maji ya juu, akaongeza maji baridi, yaani maji yasiyo na chumvi, akavielekeza kwenye mwanga. Baada ya muda mayai yaliyo hai yalianguliwa, na vitoto vya minyoo vikaanza kuogelea; Wafula akatia tone kwenye kioo chenye jina la mtoto, akakiweka chini ya hadubini. Nilipoviona mara ya kwanza kwenye televisheni nilirudi nyuma nikagonga mlango. Kompyuta ilikishika kila kimoja, ikakipa namba, ikakifuata popote kinapokwenda na kuacha mstari wa kijani nyuma yake. Kama dawa imefanya kazi, mayai hayaanguliwi, au kinachotoka kinazunguka kidogo kisha kinasimama.

Wafula alinifundisha kuisoma mistari ile. "Ona huyu, mstari wake umenyooka, ako na afya," aliniambia. "Huyu anazunguka pahali moja, huyu amechoka. Na hii mashine haiwezi danganya, Siti. Mtu anaweza danganya, hata daktari, lakini hii inaonyesha tu chenye imeona." Nilimcheka kwa ile "chenye imeona", nikamwambia Kiswahili chake kinatembea kwa magongo. Alicheka mara ya kwanza. Siku hiyo akaonja mbaazi zangu, kijiko kimoja. Nadhani tulikuwa marafiki kwa muda wa mwezi mmoja na nusu, ingawa sikumwambia hivyo, na watu wa mtaani nisingewaambia kabisa. Kwetu mbara ni mbara. Shangazi yangu alikuwa akiniuliza kila jioni, "Yule mtu wa bara bado yuko na nyinyi? Mtazameni mikono."

Sasa nifike kwenye kosa langu. Ile karatasi ya ridhaa niliitafsiri kwa fahari, nikikaa barazani na kamusi ya kuazima. Palikuwa na mahali paliposema kwamba mtoto akishameza dawa ataendelea kuchunguzwa mara kwa mara mpaka utafiti uishe. Mimi nikaandika: "Baada ya dawa mtoto atafuatwa mpaka mwisho." Nilipenda ufupi wake. Kisha Daktari akaniagiza niwaeleze mama kuhusu mashine, wasiogope. Nikawakusanya uani, kiasi cha ishirini, wengine wakinyonyesha, nikasimama juu ya kreti nikasema kwa sauti ya mwalimu, "Mashine hii haina madhara. Inapewa jina la mtoto, halafu inafuata kile kilicho kwenye mkojo wake. Inakifuata tu, haikiachi, mpaka kisimame." Hakuna aliyeuliza swali. Mama Rehema, jirani yetu wa mlango wa tatu, ambaye binti yake wa miaka tisa alikuwa kwenye orodha, alijifunika leso vizuri akasema, "Ahsanta mwanangu, tumesikia." Nikadhani nimefaulu.

Fikiri mwenyewe. Mtoto wa Kipwani anayefuatwa, anafuatwa na nini? Na shetani. Na mzimu. Na kama si hao, basi na watu wa serikali. Na mkojo wa mtu, kama nywele zake na kucha zake, hauachwi ovyo mikononi mwa asiyekutakia mema. Mimi niliyajua hayo yote. Nililelewa nayo. Lakini siku ile nilikuwa na cheti na kreti chini ya miguu yangu, nikasahau lugha ya nyumbani kwetu.

Nusu ya watoto walipewa vidonge kwanza, na nusu wangepewa baadaye, ili Daktari alinganishe makundi mawili. Mwezi wa kwanza mambo yalikwenda. Baada ya mkutano wangu, mistari ikaanza wazimu. Rehema, aliyemeza vidonge mbele ya macho yangu na kutapika kidogo, kikombe chake kilijaa vitu vinavyokwenda kasi. Mtoto wa kundi la pili, ambaye hakupewa hata punje, kikombe chake kilikuwa kimya. Wiki ya pili vile vile, na wengine zaidi. Wafula alirudia kazi mara tatu, akabadilisha vioo, akasafisha lenzi. Mimi nilikaa kando nikimtazama mikono, kama shangazi alivyosema.

Alhamisi moja nilikuwa nakula chini ya dirisha, viazi karai na ukwaju, nikamsikia Daktari ndani akimwambia muuguzi mkuu, "Ama vidonge wanapewa watoto wasiotakiwa, ama majina yanabadilishwa hapa ndani. Kuna mtu anachezea utafiti wangu." Muuguzi akasema vidonge vile vina soko kubwa, na kwamba hawa wanaokaa mbali huwa na njia zao. Nilikirudisha kiazi kwenye sahani, maana nilikuwa nimeona jambo. Kila Ijumaa Wafula alikuwa akifunga chupa kubwa ya kioo kwa gazeti, anaitia ndani ya kikapu chake, na kuifunika kwa koti. Kila Jumatatu alikuja nayo tena, akaiweka chini ya meza kabla sijafika karibu. Nilimwuliza mara moja kuna nini. Akasema, "Ni kitu yangu ya nyumbani." Kwa mtu wa kushuku, jibu kama hilo linatosha kesi nzima.

Nikamwambia Daktari. Sikulazimishwa na mtu. Niligonga mlango wake, nikasema, "Samahani Daktari, Bwana Wafula hutoka na kitu kila Ijumaa." Nakumbuka nilivyojisikia: mwerevu, mwaminifu, na mwenyeji. Kesho yake kikapu kilifunguliwa mbele yetu sote. Ndani ya gazeti mlikuwa na chupa tupu. Wafula alieleza taratibu, jasho likimtoka, kwamba maji ya bomba yana dawa ya kuua vijidudu na yalimuulia kazi ya wiki ya kwanza, na kisima cha zahanati kina chumvi, kwa hiyo alikuwa akileta maji baridi kutoka kisima cha nyumba anayopanga Changamwe. Hakusema kwa sababu aliona aibu ya ile wiki ya kwanza. Daktari alimsikiliza, akauliza swali moja tu: "Na majina je? Nani anayaandika kwenye vioo?" Wafula akasema ni yeye. "Basi," Daktari akasema.

Alipewa mpaka mchana kukusanya vitu vyake. Alifunika kompyuta kwa leso, ingawa jioni bado ilikuwa mbali. Akanigeukia, akasema bila hasira, na hiyo ndiyo iliyoniumiza, "Siti, hizi mistari ni za ukweli. Shida haiko hapa ndani. Waulize hawa wamama kuhusu vikombe. Mimi hawawezi niambia, lakini wewe ni mtu wao." Nikamjibu, "Haya." Sikumwuliza mtu yeyote. Nilidhani ni maneno ya mtu aliyeshikwa.

Siku nne baadaye nilikuwa kwenye foleni ya maji, Mama Rehema akanivuta kando akicheka. "Yule mbara kaondoka? Alhamdulillahi. Lakini hata angebaki, asingetupata."

"Asingewapata vipi, mama?"

"Weye si ndiye ulotwambia mwenyewe? Kile kitu chapewa jina, chafuata mpaka mtoto asimame. Mtoto akisimama si ndiyo kafa? Basi siye tukakaa, tukapatana. Huko msalani twabadilishana vikombe. Mkojo wa Rehema nampa Mama Juma, wa Juma naushika miye. Kikitumwa kwa jina na mkojo si wake, chapotea njia, wallahi. Kwa wengi hakuharibiki neno."

Ndoo yangu ilijaa ikamwagika, nikawa bado nimesimama. Juma alikuwa kundi la pili. Kila kitu kilikuwa pale, wazi, kama Wafula alivyosema. Nilimwambia Mama Rehema kwamba neno langu lilikuwa baya, kwamba kinachofuatwa ni mdudu na si mtoto, na kinachosimama ni mdudu. Nilimwapia. Akaniuliza, "Sasa mbona hukusema 'mdudu', mwanangu?"

Ninayoyaandika sasa sijapata kuyaandika popote. Alhamisi ilipofika niliingia kwa Daktari nikiwa na nia ya kusema kweli yote. Nilimkuta anatabasamu, mara ya kwanza, akaniambia amefikiria kunifundisha kazi ya hadubini, kwa kuwa nina jicho na ni mwaminifu. Nikasema, "Daktari, naona bora vikombe nivisimamie mwenyewe, nisimame karibu na msala." Akakubali. Wiki ile ile nilipita nyumba hadi nyumba, nikawaeleza mama upya, nikaifuta "atafuatwa" kwenye kila karatasi nikaandika "ataangaliwa afya yake". Matokeo yakanyooka. Rehema akawa kimya, Juma akajaa. Dawa ilikuwa nzuri, na baadaye Juma na wenzake wakapewa wakapona. Daktari akamwambia muuguzi mbele yangu, "Unaona? Tangu yule mtu aondoke, kila kitu kimekaa sawa." Kule kunyooka kwa matokeo, ambako ni mimi niliyekunyoosha, ndiko kulikomzika Wafula. Nami nikapata kazi, na kazi ile ndiyo iliyonilea mpaka nikastaafu.

Jumatano nilivuka nikaenda Changamwe. Nyumba ilikuwa nyuma ya maghala ya mafuta, na malori yalikuwa yakipita mpaka vikombe vya chai vinatikisika mezani. Njiani nilikuwa nimejiandalia majibu. Wakinilaumu nitasema nilikuwa mtoto. Wakinyamaza nitanyamaza. Nilisalimiana na wazee waliokaa uani chini ya turubai, nikaingia ndani. Mama Nekesa alikuwa ameketi sakafuni, mguu mmoja umemvimba, na binti yake mkubwa, Nekesa mwenyewe, mwanamke wa makamo, alikuwa mezani na karatasi na kalamu akiandika wasifu wa marehemu utakaosomwa kanisani na huko bara. Mama Nekesa alinishika mkono wala hakuuachia.

"Alikuwa askari wa geti miaka ishirini na sita, hapo kwa maghala," akasema. "Maabara hakuna pahali walimchukua tena. Waliuliza huko alitoka, wakaambiwa ni mwizi wa dawa. Huyu Nekesa amekua akiambiwa na watoto wenzake babako aliuza dawa ya watoto wagonjwa. Nilimwambia mzee, twende Likoni, tumfuate huyo msichana aseme. Alikataa. Alisema, 'Usimfuate. Anajua. Siku moja atakuja mwenyewe.' Miaka yote alinikataza. Sasa hayuko wa kunikataza."

Nekesa hakuinua kichwa. "Mimi nimesema tufute hapo kwa maabara," akasema. "Tuandike askari, inatosha. Watu wataanza kuuliza aliachia nini kazi ya maabara."

Majibu yangu yote ya njiani niliyaacha. Alijua. Wafula alijua kwamba ninajua, na akangoja ng'ambo ya maji, mwendo wa saa moja, miaka thelathini na zaidi, akiamini mimi ni mtu bora kuliko nilivyokuwa. Mimi niliyemtazama mikono. Nililia, si kwa adabu ya matangani, nililia vibaya mpaka wale wazee wa nje wakanyamaza. Mama Nekesa hakunibembeleza, naye alikuwa na haki. Alingoja nimalize.

Nikamwambia Nekesa asifute. Nikamweleza tangu kreti ya uani, neno nililoliandika, vikombe vya Rehema na Juma, chupa tupu ndani ya gazeti, na ile Alhamisi niliyofungua mdomo nikasema jambo jingine. Nilisema kwa sauti ili wa nje wasikie. Ilichukua muda, na malori hayakuacha kupita. Nilipomaliza, Nekesa alikuwa amegeuza karatasi upande wa pili.

"Sasa niandike aje?" akauliza. "Aliacha kazi, ama alifutwa?"

"Andika alifukuzwa," nikasema. "Andika hakuiba. Kisha andika jina la aliyemfukuzisha: Mwanasiti binti Hamisi, wa Likoni."

Akaandika polepole. Alipofika kwenye jina aliinua kalamu, akanitazama kwa mara ya kwanza, akaniuliza Mwanasiti ni neno moja au mawili. Nikamwambia ni moja.